Filamu yetu haina neno hata moja, na pumzi ya kijana wetu haitoshi watu wawili. Nisaidieni mwisho

[1] mkata_picha_kibokoni

Assalaam aleykum ndugu zangu, na habari za jioni kwa wote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka na aurudie kesho. Nina jambo lililoninyima usingizi tangu Ijumaa. Wenzangu nami tumelijadili mpaka tumeanza kununiana, ndiyo maana nimelileta hapa barazani.

Tuko watu watano, tunapiga filamu fupi ya dakika 9 hapa Mji wa Kale, Mombasa. Kazi yangu mimi ni kuhariri. Filamu haina mazungumzo, haina msimulizi, haina maandishi kwenye skrini. Kuna kijana mzamiaji, mtu wa pweza na kamba, ambaye siku moja anaibuka majini na pumzi bado ameibana, akaona kila kitu kimesimama. Muuza kahawa kainamisha dele, kahawa imening'inia hewani haijafika kikombeni. Kunguru yuko juu ya ukuta, mbawa wazi, haendi wala harudi. Kijana anashtuka, anapumua, dunia inaendelea na shughuli zake.

Kanuni yetu ni hiyo tu: akibana pumzi wakati unasimama, akipumua unaendelea. Hakuna saa ya ajabu, hakuna jini, hakuna hirizi. Na hapo ndipo kilipotoka kimya cha filamu. Mtu aliyebana pumzi hawezi kusema, akifungua kinywa tu mambo yamekwisha. Wengine nao wameganda, hana wa kuzungumza naye. Kwa hiyo maneno hatukuyaondoa sisi, kisa chenyewe hakikuyapa nafasi. Muyaka, mshairi wetu wa hapa Mvita, alitahadharisha juu ya kimya tangu karne ya 19, nami nikiwa mbele ya kompyuta usiku, sauti zote nimezizima, huwa namkumbuka.

Mwanzoni kijana anafanya mchezo. Anabana pumzi, anachukua kaimati mbili kwenye sinia, anapumua akiwa keshafika pembeni anatafuna. Anamvua mzee mmoja kofia, anamvisha mwingine. Kisha anaona noti ya mia tano imechomoza mfukoni mwa mtu. Anabana pumzi, anaiendea taratibu, hana haraka hata kidogo, anaichomoa. Anapogeuka, noti mkononi, ndipo anapoona.

Juu kwenye mteremko wa kushukia Bandari ya Kale, mkokoteni wa maji umemponyoka hamali. Mitungi 20 ya lita 20, yaani kilo 400 za maji peke yake, mbao na magurudumu hujahesabu. Chini yake, karibu na ngazi za Leven, mtoto kachutama anaokota gololi, hana habari. Kutoka aliposimama kijana ni hatua kumi na tano. Upande wa pili, hatua sitini, pale gatini, mkono umejitokeza juu ya maji umenasa kwenye wavu, na kifundoni pana uzi mwekundu. Uzi huo tumeuona tangu picha za mwanzo. Ni wa mdogo wake.

Pumzi imebaki nusu. Nusu nyingine kaimalizia kwenye noti.

Mkokoteni hausukumiki, kwa sababu kilichosimama kina uzito wake ule ule. Anaweza kumwondoa mtoto njiani, au anaweza kukimbilia gatini. Yote mawili, pumzi haifiki.

Mwelekezi wetu anataka picha ikatike hapo hapo. Uso wa kijana karibu, giza, mwisho, mtazamaji ajichagulie. Mimi nimekataa. Tumemshika mtu mkono dakika nane, tukamfikisha mlangoni, halafu tumfungie mlango? Kama sisi tulioishi na kijana huyu miezi mitatu hatujui atafanya nini, basi bado hatumjui, na turudi kwenye skripti.

Naomba mawazo yenu. Ungekuwa wewe, miguu yako ingekwenda wapi? Nauliza miguu kwa sababu midomo katika kisa hiki haina kazi.

[2] kisauni_sinema

Wa aleykum salaam. Kazi nzuri, ila wazo si geni. René Clair wa Ufaransa aligandisha jiji zima la Paris miaka ya 1920, enzi filamu zenyewe hazina sauti. Nataka kujua mmegandishaje. Kwa kompyuta au watu walisimama?

[3] mkata_picha_kibokoni

Kaka, kweli wazo ni la zamani, na ni la zamani kuliko hata huyo. Picha hazikuanza kwa kutembea, zilianza kwa kuusimamisha wakati. Mwaka 1878 huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera safu moja na kutega nyuzi njiani, farasi akipita anazifyatua. Alikuwa anataka kujua kama farasi akikimbia kuna nukta ambapo kwato zote nne haziko chini. Jicho lilikuwa halijawahi kuiona. Picha zikaonyesha ipo.

Sasa swali lako. Tulianza kwa njia rahisi, kuchukua fremu moja na kuirudia. Sekunde moja ni fremu 24, na sehemu yetu ya mwisho iliyoganda ina sekunde 94, yaani fremu 2,256. Ukirudia fremu ile ile, picha inakufa. Kamera yoyote inaacha chembechembe ndogo zinazochezacheza kwenye picha, mtu hazioni lakini jicho lake linazijua. Ukigandisha fremu na zile chembe zinaganda, na mtazamaji anahisi anaangalia kalenda ya ukutani. Unaweza kuzirudisha juu yake, nimefanya hivyo sehemu mbili. Lakini kamera haiwezi kutembea ndani ya fremu moja, na sisi tulitaka kutembea na kijana, tupite katikati ya watu bega kwa bega.

Basi watu walisimama. Hapo ndipo utakapojua binadamu hasimami. Kope zinapepesa, koo linameza mate, kidole kinatetemeka. Kanga ilitushinda kabisa siku ya kwanza, upepo kidogo tu inapaa halafu inarudi. Mama mmoja jirani ndiye aliyetuokoa. Alipitisha waya mwembamba ndani ya pindo, akaukunja, kanga ikabaki imepeperuka hewani hata bila upepo. Kahawa iliyoning'inia ni gundi ya kuyeyusha kwa moto, ile inayotoka kama uzi, tumeipaka rangi na kuibandika kwenye mdomo wa dele. Kunguru nilimpiga picha siku nyingine, nikamkata na kumpachika juu ya ukuta.

Kilichotutesa zaidi ni kivuli. Wakati umesimama, kwa hiyo jua nalo limesimama, kivuli kisisogee hata kidogo. Sisi tunapiga sekunde 94 kwa siku nne! Tulichofanya ni kungoja mwanzo wa mwezi wa kumi, siku ambazo jua la Mombasa linapita karibu juu ya utosi, na kupiga kuanzia saa tano na nusu mpaka kama saa saba kasoro, kivuli kikiwa kimejificha chini ya miguu. Ni maleleji vilevile, kusi imechoka na kaskazi haijaja, upepo mdogo.

Na bahari je? Bahari humwambii simama. Hapo tulikwenda kwa mzee mmoja nahodha, akatuambia tungoje maji mafu, siku moja mbili baada ya nusu mwezi, maana siku hizo maji hujaa kuelekea adhuhuri na hayana nguvu ya bamvua. Yakishajaa kuna kitambo yanakaa kabla ya kuanza kupwa. Alisema "yanafikiri". Kitambo hicho ndicho tulichokipigia picha zote za gatini.

[4] mzamiaji_mtwapa

Nimezamia pweza miaka kumi na miwili, nikuambie mambo mawili kuhusu huyo kijana wako.

Kwanza, usimfanye abane pumzi kama mtu wa katuni, mashavu yamefura. Pumzi haikai mashavuni. Kinachokuchoma si kukosa oksijeni, ni hewa ya ukaa inayojaa kwenye damu. Mwanzo ni raha, unaona kama unaweza kukaa mpaka kesho. Kisha koo linaanza kumeza bila kutaka. Kisha tumbo linaruka, hapa chini ya mbavu, mara moja, unalituliza, linaruka tena. Yale marusho ndiyo saa yako. Mimi chini kule nayahesabu. Na mtu anayetembea, tena kabeba mzigo, pumzi humwishia upesi kuliko aliyetulia. Ukiniambia keshatumia nusu kisha abebe mtoto, mimi nakuambia hana nusu, ana robo.

Pili, hili si la filamu. Mkimpeleka muigizaji majini msimruhusu apumue harakaharaka mara nyingi ndipo azame, wengi hudhani wanajaza mapafu. Wanaifukuza hewa ya ukaa tu. Mwili haukuonyi, unazimika ndani ya maji bila kuhisi chochote. Nimemzika mtu kwa jambo hilo. Awe na mwenzake juu anayemwangalia, kila mara.

[5] mkata_picha_kibokoni

Shukrani sana kaka, na Mola amrehemu ndugu yenu. Kesho nalipeleka hilo la kupumua kwa kikosi kizima kabla hatujagusa maji.

Na hayo marusho ya tumbo umenipa zawadi. Tulikuwa tunatafuta namna ya kumwonyesha mtazamaji pumzi imebaki kiasi gani, bila saa wala namba kwenye skrini. Sasa nimeipata. Kijana yuko kifua wazi. Tutaona tumbo.

[6] mwl_tudor

Nafundisha, nitasema kama mwalimu. Mwanafalsafa Mwingereza Philippa Foot mwaka 1967 aliandika mfano wa dereva wa tramu iliyoshindwa kusimama. Mbele kuna watano, kwenye reli ya pembeni kuna mmoja, je ageuze? Watu wamebishana tangu hapo. Ila wako si huo. Ule unahesabu watu, wako ni mmoja kwa mmoja, na mizani imeelemewa na damu. Ni swali la kwetu zaidi: ndugu au mtoto wa watu.

Wahenga wamesema mshika mbili moja humponyoka. Mwache ashike moja kwa mikono miwili. Mimi namwambia mtoto, kwa sababu yuko karibu na ana hakika ya kumfikia. Hatua sitini na robo ya pumzi ni matumaini tu.

[7] mama_wa_majengo

Mdogo wangu kwanza. Sina maelezo na sitatafuta maelezo. Nimemlea mgongoni.

[8] abu_swaleh

Aya ya 32 ya Suratul Maidah inasema mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama ameziokoa nafsi za watu wote. Haikusema nafsi ya ndugu wala ya jirani. Aliye ndani ya uwezo wako ndiye wa kwanza, na lililo nje ya uwezo wako Mola hakukalifishi. Lakini mama wa Majengo nami namwelewa, mtu hakatiwi hukumu kwa kule moyo wake ulikokimbilia.

Lililonigusa zaidi ni noti. Angekuwa hakuifuata ile noti, pumzi ingekuwa kamili na wote wawili angewafikia. Mtoto yule anakufa kwa mia tano. Hilo lionekane.

[9] mkata_picha_kibokoni

Ustadh, linaonekana. Noti haitoki mkononi mwake. Anakimbia nayo.

Mama wa Majengo, jibu lako nimelisoma mara tatu. Muigizaji wetu naye tulipomuuliza alisema neno hilo hilo, kisha tulipompigisha mazoezi pale pale barabarani miguu yake ilimwendea mtoto. Alikaa kwenye baraza ya nyumba ya watu robo saa hasemi na mtu.

[10] binti_likoni

Mimi si mtu wa filamu. Nimesoma uzi wote na kuna kitu kinanikera, niseme.

Mbona mmemwacha peke yake?

Nimezaliwa ng'ambo ya Likoni. Feri ya Mtongwe ilipopinduka tarehe 29 Aprili 1994 wakafa watu 272, nyumba yetu ilikuwa moja ya zile zilizotandika mikeka ya matanga. Nilikuwa mdogo. Baada ya hapo mama hakututaka karibu na maji, na sisi watoto ndiyo kwanza tukawa hatutoki. Nikateleza siku moja kwenye mawe ya gati nikaingia, na sikuwa najua kuogelea. Nakumbuka maji ya kijani na ladha ya chumvi puani. Nilichosimuliwa ni kwamba waliruka watu watatu. Mmoja alikuwa anauza mihogo. Mmoja alikuwa hajui kuogelea vizuri naye wakamtoa. Aliyenishika nywele mpaka leo simjui.

Sasa huyo kijana wenu, dunia yote imeganda kwa sababu yeye kabana pumzi. Gatini hapakosi watu. Muuza kahawa yupo, mshona nyavu yupo, nani na nani. Wote hao wangeruka! Hawaruki kwa sababu yeye kawazuia. Anazunguka pale na uwezo wake anajiuliza amwokoe nani, na uwezo huo huo ndio uliowafunga miguu watu wote waliokuwa wanaweza kumsaidia. Mwambieni apumue.

Nyinyi mnauliza amchague nani. Mimi nauliza lini ataachia.

[11] mzamiaji_mtwapa

Dada, umenipiga hapa.

[12] kisauni_sinema

Lakini akipumua tu, mkokoteni unamkanyaga mtoto papo hapo. Na watu gatini hawajui kama kuna mtu majini, wameangalia upande mwingine. Kumbuka hana maneno ya kuwaambia. Hata akipiga kelele, mpaka wageuke, waelewe, wakimbie…

[13] mkata_picha_kibokoni

Nimekaa siku mbili sijaandika kwa sababu ya ujumbe wa binti Likoni. Niliupeleka kwa wenzangu, nikausoma kwa sauti pale tunapokaa. Mwelekezi alisimama akaenda kununua maji, aliporudi alisema, "Tumekuwa tukipiga filamu ya mtu mwenye nguvu. Kumbe tuna gati limejaa watu."

Na kisauni, pingamizi lako ndilo lililotupa picha yenyewe. Hana maneno. Watu hawajageuka. Sasa sikieni.

Anamfuata mtoto. Hatua kumi na tano. Anambeba, gololi zinabaki chini, anamketisha kwenye ngazi ya juu pembeni ya ukuta. Tumbo limeanza kuruka. Anaangalia gatini, anapiga hatua nne tano kukimbilia, tumbo linaruka mara mbili mfululizo, anajua. Hafiki. Anasimama. Karibu naye kuna muuza kahawa, kidogo mbele mshona nyavu, na kijana wa madafu ameinua panga. Hao wako nusu ya njia. Wameangalia pande zao.

Anauchukua uso wa mzee wa kahawa kwa viganja vyote viwili, anaugeuza uelekee majini. Ili aushike vizuri inabidi afungue ngumi, na noti inabaki imening'inia hewani pale alipoiachia. Anamfuata mshona nyavu, anamgeuza mabega. Kwa kijana wa madafu anafika na mkono mmoja tu, anamgusa kidevu.

Kisha anapumua.

[14] abu_swaleh

Allahu Akbar.

[15] mwl_tudor

Nimeinamisha kichwa. Ni kweli, swali langu la tramu linamweka mtu mmoja kwenye usukani na wengine wote kwenye reli. Hakuna abiria anayefungua kinywa.

[16] kisauni_sinema

Mimi bado sijaridhika, na nasema kwa mapenzi ya kazi yenu. Mkifanya hivyo wote wanapona. Mtoto kapona, mdogo wake kapona, watu wanapiga makofi wanakwenda nyumbani. Swali lililokuwa linauma mmelitoa meno. Uchaguzi bila hasara ni uchaguzi gani?

[17] mkata_picha_kibokoni

Nilikuwa naliogopa hilo hilo, na tulilala nalo. Nitakuambia tulichopiga Jumatano, kisha uniambie.

Anapopumua, sauti inarudi. Nilikuwa nimeweka mambo yote kwa pamoja, mkokoteni, watu, kunguru, muadhini kwa mbali. Nikayaondoa. Kinachosikika kwanza ni gololi. Zile alizoziacha mtoto zinaanguka ngazi za Leven moja moja, kioo juu ya jiwe, ta, ta, ta, mpaka zinaingia majini. Baada ya hapo ndipo mkokoteni unapovunjikia ukutani na maji ya mitungi yanamwagika mteremko mzima. Kisha mtu wa kwanza anaruka. Wa pili. Wa tatu. Kamera haiwafuati, imebaki na kijana, anahema kwa mikono magotini. Noti inaanguka mbele yake kwenye maji yanayotiririka na inapita.

Mdogo wake anatolewa. Anatapika maji, anakohoa, yuko hai. Sikutaka kumficha mtazamaji hilo. Amezungukwa na wale watatu, wamelowa chapachapa, mzee wa kahawa kanzu imemganda mwilini. Halafu mdogo mtu anamtafuta kaka yake kwa macho. Anamwona. Anaangalia suruali yake. Kavu.

Wanatazamana fremu 140, karibu sekunde sita, bila kukata. Mdogo mtu hajui lolote kuhusu pumzi wala mtoto wala nyuso zilizogeuzwa. Anachojua ni kwamba watu wasiomjua wameruka na kaka yake hakuruka. Na kaka hana neno la kumweleza, na hata angekuwa nalo, nani angemwamini?

[18] mama_wa_majengo

Nimelia kazini.

[19] kisauni_sinema

Nimenyamaza. Hiyo suruali kavu usiiguse, usiongeze muziki, usiongeze chochote.

[20] mkata_picha_kibokoni

Muziki hakuna, nakuahidi.

Nina jambo moja la mwisho, na hili ni la ufundi lakini limekuwa zito. Mzee wa kahawa si muigizaji, ni muuza kahawa kweli, yule mnayemsikia jioni akigonganisha vikombe. Alikubali kusimama kwa sababu tulimwahidi hatutamwambia aseme kitu. Picha ya kugeuzwa uso tuliirudia mara kumi na moja. Mara tisa alipepesa. Mara ya kumi mpita njia alimsalimia, naye kwa adabu zake akaitikia. Mara ya kumi na moja alisimama kama jiwe, sekunde arobaini jicho wazi kwenye jua la saa sita, viganja vya kijana viko kwenye ndevu zake. Na mwisho kabisa, kabla ya kijana kumwachia, chozi likatoka jicho la kushoto. Likashuka taratibu mpaka kwenye kidole gumba cha muigizaji.

Kanuni yetu inasema kila kitu kimesimama. Chozi haliwezi kushuka. Kompyuta inaweza kulifuta, ni kazi ya jioni moja. Nimelifuta mara mbili, nikalirudisha mara mbili.

[21] mzamiaji_mtwapa

Liache.

[22] mwl_tudor

Kanuni ni kanuni. Ukiruhusu chozi, kwa nini usiruhusu na mguu? Lifute.

[23] binti_likoni

Mwulizeni mwenyewe mzee.

[24] mkata_picha_kibokoni

Nimekwenda kumuuliza leo baada ya alasiri. Nilimwekea simu mbele yake juu ya baraza, nikamwonyesha sehemu ile tu, bila sauti. Aliangalia mpaka mwisho, akaniomba nirudie. Akapangusa kikombe kwa kitambaa, akanimiminia kahawa, akanipa na kashata.

Nikamuuliza, mzee, hili chozi ni la nini, tuliondoe?

Akasema, "Jua lilikuwa laniwasha, mwanangu. Lakini mtoto nalimuona."

Nimelifunga faili saa moja iliyopita. Chozi limo.